Thelathini ya Futi si Thelathini ya Mita

Ukiingia katika duka la nyavu mjini Homa Bay, ndugu msomaji, usistaajabu kumsikia mteja mmoja akitaja vipimo vya namna tatu kwa pumzi moja. Wavu wa mbuta huulizwa kwa inchi, maana sheria ya uvuvi ya Ziwa Viktoria upande wa Kenya yataka jicho la wavu lisipungue inchi 5. Wavu wa omena, ambao sisi watu wa Pwani tungewaita dagaa, huulizwa kwa milimita, na kiasi chake ni 10. Mtumbwi wenyewe hutajwa kwa futi na kamba yake hukatwa kwa mita. Ukiteremka hadi Sori au Muhuru Bay, katika Migori, mambo ni yale yale. Wala sikuona mtu aliyetatizika, kwani wavu uko mkononi na mtumbwi uko mchangani. Anayetilia shaka hupima tena.

Chini ya maji hakuna kupima tena, na hilo ndilo lililonipeleka huko. Mpwa wangu, kijana aliyejifunza kupiga mbizi kwa kuwasindikiza watalii kule Diani, alipata kazi ya kukagua nyavu za vizimba vya samaki upande wa Homa Bay. Siku hizi sato hufugwa humo ziwani katika vizimba vinavyoelea, na lazima awepo mtu wa kuzama kutazama kama wavu umetoboka na kuwatoa samaki waliokufa. Kijana alikuwa na kile chombo kinachofungwa mkononi kama saa, kompyuta ya wapiga mbizi, alichoachiwa na mgeni wa Kimarekani. Kilihesabu kwa futi. Mwenzake wa kazini alikuwa na chake kilichohesabu kwa mita.

Hebu fikiri. Huyu chake chasema 30, na yule chake chasema 9, nao wako ubavu kwa ubavu kwenye kina kimoja! Sasa geuza maneno: mkubwa wa kazi aseme juu ya mashua, "Mwisho wenu thelathini," bila kutaja thelathini ya nini. Thelathini ya futi ni kama mita 9. Thelathini ya mita ni futi 98. Baharini, kwenye mita 9, mtu hutumia hewa ya mtungi karibu mara mbili ya anayoitumia juu ya maji. Kwenye mita 30 hutumia mara nne. Mtungi ule ule, mapafu yale yale, ila muda umekatika zaidi ya nusu.

Wazee wetu hawakuwa na tatizo hili kwa sababu kipimo walikivaa mwilini. Pima moja ni ncha ya kidole cha mkono huu hadi ncha ya kidole cha mkono ule, mikono ikiwa imenyooshwa. Ni dhiraa nne, yapata futi 6. Nahodha alitupa bildi, akaivuta kamba kwa kunyoosha mikono, akahesabu. Wazamia lulu wa Ghuba ya Uajemi nao walihesabu kina kwa mikono iliyonyooshwa vivyo hivyo. Hata Mwingereza alipokuja na ramani zake za bahari, kipimo chake cha kina kilikuwa ni pima ile ile ya futi 6, na nahodha wa Lamu hakuwa na haja ya kufundishwa. Kenya ilianza kuhamia mita na kilo mwishoni mwa miaka ya 1960, lakini kama ujuavyo, futi haikuaga. Fundi seremala wa Mombasa hadi leo atakukatia mbao ya inchi mbili kwa nne.

Kwa mpiga mbizi mita ina faida yake, nami nasema hivi bila upendeleo. Baharini, kila mita 10 unazoshuka huongeza uzito sawa na ule wa hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu. Mita 10 ni mara mbili, mita 20 ni mara tatu. Mtoto wa shule aweza kuhesabu. Kwa futi inakubidi uhesabu 33, 66, 99. Mtungi nao: wa lita 12 ukijazwa hadi baa 200 una lita 2,400 za hewa, basi. Mmarekani mtungi wake huitwa wa futi 80 za ujazo, na hewa yake huipima kwa pauni kwa kila inchi ya mraba, 3,000 hivi. Hesabu yake hufika, ila kwa njia ndefu, na mtu aliye gizani chini ya maji hahitaji njia ndefu. Wakubwa wa mambo pia huteleza hapa. Mwaka 1983 ndege ya abiria ya Canada iliishiwa na mafuta angani kwa sababu ilijazwa pauni 22,300 za mafuta badala ya kilo 22,300. Rubani aliiteremsha salama pasipo injini.

Nikadhani mambo yamekwisha: geuza chombo kiwe cha mita, kazi iendelee. Mpwa wangu akacheka. "Mjomba, hiki chombo hakijui futi wala mita. Kinajua uzito tu."

Naam, ndivyo kilivyo. Hakina kamba wala bildi. Kinahisi jinsi maji yanavyokigandamiza, kisha kinakisia kina. Kikiwa kimetengenezwa kwa maji ya chumvi, ambayo ni mazito zaidi, basi ndani ya maji baridi ya ziwa kitasoma pungufu: ukiwa mita 20 hasa, chenyewe chaonyesha 19 na nusu. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba Ziwa Viktoria halilali usawa wa bahari. Liko juu mita 1,134, yaani futi 3,720, na huko hewa ni nyepesi kuliko ya Diani kwa karibu sehemu moja katika nane. Mwili wa mpiga mbizi hunywa naitrojeni akiwa chini, na huitoa polepole anapopanda. Hewa ya juu ikiwa nyepesi, naitrojeni hutaka kutoka kwa haraka zaidi na kufanya mapovu katika damu na viungo. Watu wamepooza kwa hayo. Ndiyo maana aliyezama mita 18 katika ziwa hili hana budi kujihesabu kama aliyezama mita 20 baharini. Vyombo vingi vya sasa huutambua urefu wa mahali vyenyewe. Vya zamani hungoja viambiwe, na kile cha Mmarekani kilikuwa cha kungoja.

Watu wa Mombasa tunajua kina ni kitu gani. Gari lililotumbukia Likoni tarehe 29 Septemba 2019 lilikutwa kwenye mita 58, likatolewa tarehe 11 Oktoba, na siku zote hizo tulisimama ukingoni tukiomba dua. Ghuba ya Winam si kama kule. Mahali pengi maji ni machache. Lakini ni maji ya kijani na tope, pengine yenye gugumaji, hata mtu asiione mikono yake. Pale ile namba mkononi ndiyo macho.

Tulikaa jioni moja tukakipanga chombo upya: mita, maji baridi, urefu wa mahali. Mwenzake naye akakileta chake, wakavilinganisha. Wakapatana kwamba wakipanda hawatazidi mita 9 kwa dakika, na kwamba watasimama dakika 3 kwenye mita 5 kabla ya kutoka. Lililobaki lilikuwa safari. Kijana alizoea kumaliza kazi Ijumaa asubuhi, akaswali, kisha akapanda matatu ya Kisii alasiri hiyo hiyo ili awahi basi la usiku. Kisii iko juu yapata mita 1,700, na njia ya Kericho hupanda kupita 2,000. Kwa damu yake, kupanda milima ile mara tu baada ya kuzama ni mamoja na kuendelea kuibuka bila kusimama. Mwenye vizimba alinung'unika kidogo kuhusu gharama ya malazi, kisha akakubali. Sasa analala Homa Bay usiku wa Ijumaa, na gari la Kisii hulipanda Jumamosi.