Telefone ikikosa rezo, usilale

Wengi wetu hapa Kolwezi na Likasi, feza ya kazi inaingia mu telefone. Ndiyo maana siku hizi mwizi hatafuti mufuko wa suruali yako tu. Anatafuta jina lako.

Anafanya hivi: anapata karte yako ya uchaguzi, ao fotokopi yake uliyoachia mutu. Anaenda kusema: «Ni miye fulani, telefone imepotea.» Wakimuamini, wanamupa SIM mupya yenye namba yako. Ile yako inakufa, na ujumbe wa M-Pesa ao Airtel Money unaanza kuingia kwake.

Siye wa mine tuko na shida ingine: chini ya shimo rezo haiko, hauwezi kujua. Basi ukipanda, angalia. Kama telefone za wenzako ziko na rezo na yako hapana, usingoje kesho. Omba telefone ya mwenzako, ita kampuni yako, sema: «Mufunge namba yangu na konti yangu ya feza.»

Mbele ya hapo, tufanye haya. Kode ya siri isikuwe mwaka wa kuzaliwa, maana umeandikwa ku karte. Juu ya kila fotokopi, andika tarehe na kazi yake. Na mama wa nyumba, namba ya bwana ikiandika «tuma feza», sikia kwanza sauti yake.

Kufungua namba tena, unaenda na karte yako, inaisha. Kurudisha feza iliyotoka, hiyo ndiyo kazi.