Je, Ni Vijidudu Vinavyoleta Saratani ya Ovari?

Juzi tulikuwa na kikundi kimoja cha akina mama siku yao ya merigoraundi. Mwenzao alikuwa amefariki kwa saratani ya ovari na maneno yalikuwa mengi. Mmoja akasema ati ni uchafu. Mwingine akasema ni dawa za kupanga uzazi (la hasha, vidonge hivyo hupunguza hatari ya saratani hii). Binti za marehemu walikuwa pale pale, wanasikia. Kisha tukaulizwa: "Nyinyi mmesomea, ni kweli ni vijidudu?"

Ovari ni vile vifuko viwili vya mayai, kimoja kila upande wa kizazi. Siku hizi madaktari wanajua kwamba nyingi ya saratani hizi, zile kali hasa, huanza kwenye ncha za mirija inayopokea mayai. Hapo ndipo bakteria wanapoingia katika habari hii. Klamidia huambukizwa kwa kujamiiana, na wanawake wengi hawasikii lolote. Isipotibiwa inaweza kupanda hadi kwenye mirija na kuleta uvimbe wa muda mrefu. Ni kama kidonda kinachokwaruzwa kila siku: mwili unashona na kushona tena, na katika kushona huko kosa laweza kuingia. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019, wa wanawake wa Poland na Marekani, ulikuta alama za klamidia ya zamani katika damu ya wagonjwa zaidi kuliko ya wenzao wazima.

Jambo lenyewe si geni. Tangu 1994 bakteria fulani wa tumboni wametambuliwa kuwa chanzo cha saratani ya tumbo. Lakini kwa ovari bado ni dhana, haijathibitishwa. Wengi sana waliopata klamidia hawapati saratani, na wengi wenye saratani hawakuwahi kuwa na klamidia. Umri unachangia, na kuna koo zinazorithishana hatari hiyo. Kwa hivyo tusimwangalie mgonjwa tukadhani tunajua mumewe alilala wapi.

Hata hivyo klamidia itibiwe, maana inaziba mirija na kuleta utasa. Dawa zipo, na mume na mke watibiwe pamoja, la sivyo wataambukizana tena. Na tuache kujiosha ndani kwa sabuni au deto. Kunaua bakteria wazuri wanaotulinda.

Akina mama wengi hudhani kipimo cha mlango wa kizazi huonyesha ovari pia. Hakionyeshi. Tumbo likijaa, ukishiba upesi, ukiumwa chini ya kitovu au ukikojoa mara kwa mara, na hali hiyo ni mpya na inaendelea kwa wiki mbili tatu, nenda hospitali uulize kuhusu skani.

Mweka hazina aliuliza skani ni pesa ngapi. Kabla hatujaondoka walikuwa wamekubaliana kila mmoja atoe shilingi ishirini zaidi kila mkutano, na wa kwanza kuandikwa ni binti mkubwa wa marehemu, ambaye tumbo limemsumbua tangu mwezi jana.