Simu yenye kamera ya joto: miezi minane mfukoni mwa bwana shamba

Tangu niposti ile picha ya nyanya zenye rangi ya zambarau na njano, inbox yangu imejaa swali moja tu: "Bwana shamba, hiyo ni simu gani, na mimi ninunue?" Nilisema nitajibu nikishaitumia vya kutosha. Sasa imefika miezi minane. Jina la kampuni sitaji, maana hawajanilipa kuwatangaza na sina ugomvi nao. Simu za namna hii zipo za kampuni kadhaa na zinafanana tabia, kwa hiyo nitakayosema yatakusaidia hata ukikutana na ya jina lingine.

Niliichukua Kariakoo kwa 680,000. Kwa pesa hiyo unapata simu nzuri tu ya kawaida, nyembamba, yenye kamera kali ya kupigia selfi. Hii ya kwangu ni ya watu wa saiti: mpira pembeni, skrubu zinaonekana, betri ya 8,500, uzito karibu gramu 340. Siku ya kwanza kuingia nayo kijijini, mzee mmoja aliniuliza kama nimehamia polisi, akidhani ni redio call. Mfuko wa suruali yangu ya kazi umeshachanika mara mbili. Kilichonifanya niichukue ni jicho dogo la tatu kule nyuma, la kamera inayoona joto badala ya mwanga.

Nianze na mambo madogo.

Betri haina mpinzani. Naondoka nyumbani Jumatatu ina chaji kamili, Jumatano jioni bado inapumua, na njiani nimeshawachajia simu watu wawili. Ila kuijaza ni usiku mzima, na kama nyumbani mnategemea ile sola ndogo ya taa mbili, sahau. Spika ina kelele ya kutosha kusikika juu ya pampu ya maji. Kioo kinaonekana juani, lakini kikipata matone kinajibonyeza chenyewe. Halafu kuna kitufe cha rangi ya chungwa pembeni, unakipangia kazi unayotaka. Mimi nilikipangia kuwasha tochi, na kwenye kikao cha wilaya kikajibonyeza mfukoni. Nikakaa mbele ya wakubwa paja linawaka kama taa ya bodaboda.

Maji na vumbi haijali. Kwenye boksi utaona IP68. Hiyo 6 maana yake vumbi haliingii, na 8 maana yake inavumilia kuzamishwa zaidi ya mita moja, kwa kina na muda ambao mtengenezaji amejitajia mwenyewe. Hayo ni maji safi, na kifuniko cha tundu la chaji kiwe kimefungwa. Dawa ya kupulizia na maji ya sabuni hayamo kwenye hesabu hiyo. Na hapa niseme kama afisa ugani: ukiwa unapuliza, usipokee simu na glavu zenye dawa kisha ukaibandika shavuni. Ugumu wa simu umewafanya vijana wengi waiguse wakati wowote, na ngozi ya uso wako haina IP68.

Kamera ya kawaida ni ya wastani mchana, na usiku haifai kabisa. Lenzi ya kukuza vitu vidogo ndiyo imenishangaza. Nafungua jani la nyanya, naona funza wa kantangaze ndani ya kijia chake, na utitiri chini ya jani unahesabika. Kwenye mahindi naitumia na programu ya Nuru kuangalia viwavijeshi vamizi. Nuru inafanya kazi bila bando na inaongea Kiswahili, na simu yoyote ya kawaida inatosha kuitumia.

Kupima shamba kwa GPS, tahadhari kidogo. GPS ya simu, hata hii, inapotea mita tatu mpaka tano hivi penye uwazi. Ukizunguka ekari tano, kosa hilo ni dogo. Ukipima robo ekari, ambayo upande mmoja ni kama mita 32 tu, kosa la mita tatu linakula sehemu ya kumi ya upande, na kwenye eneo linaweza kukaribia sehemu ya tano. Ukilipa trekta au ukanunua mbolea kwa hesabu hiyo unaumia. Robo ekari ipime kwa kamba.

Sasa hilo jicho la joto.

Kila kitu kinatoa joto, na kamera hii inasoma joto linalotoka kwenye uso wa kitu. Picha yake ina nukta 160 kwa 120, yaani 19,200 tu, wakati kamera ya kawaida ina mamilioni. Kwa hiyo mmea mmoja kutoka mbali hauuoni. Inakuonyesha lipi lina joto zaidi kuliko lipi. Namba ya nyuzi inayoandika juu ya picha inaweza kukosea nyuzi tatu mpaka tano hata ukiwa umefanya kila kitu sawa. Hii ilikuwa kwenye kijitabu chake. Mimi nilikisoma siku nilipokuwa nimeshaharibu.

Lakini nianze na ilipofanya vizuri. Huku ukanda wa Ilula nyanya ndiyo maisha yetu, na vijana wengi wameingia kwenye dripu. Mwezi wa tisa nilikwenda kwa kijana mmoja mwenye nusu ekari, analalamika upande wa chini mazao hayakui na hajui kwa nini, maana udongo kwa juu unaonekana sawa. Tulisimama saa sita mchana, jua kali, upepo hakuna. Kwenye picha mistari mitatu ilikuwa ya njano wakati mingine ni ya zambarau. Sababu ni rahisi. Mmea wenye maji unayatoa kama mvuke kupitia vitundu vidogo vya majani, na kutoa mvuke kunaupoza, kama wewe unavyopoa ukitoka jasho. Mmea wenye kiu unafunga vitundu, jani linapata joto. Kuona kwa macho kwamba limenyauka kunakuja baadaye. Tukafungua mwisho wa mipira ya mistari ile mitatu, ikatoka tope la kijani. Chujio lake halijasafishwa tangu msimu uanze. Tukasukuma maji mipira ikiwa wazi mwisho mpaka yakatoka meupe, na baada ya wiki mistari ile ilikuwa rangi moja na mingine.

Katikati ya shamba hilohilo kulikuwa na mashina manne ya njano yaliyosimama penye unyevu mzuri tu. Hapo usiamini kamera peke yake. Mmea wa mnyauko bakteria nao unapata joto, kwa sababu mishipa imeziba hata kama maji yapo chini. Tulikata shina moja karibu na ardhi, tukalitumbukiza kwenye glasi ya maji safi bila kulitikisa. Baada ya dakika chache ukatoka uzi mweupe kama maziwa. Huo ni mnyauko, na dawa ya kuuponya haipo. Tuling'oa yale manne, tukayatoa nje ya shamba. Glasi ya maji ndiyo iliyotoa jibu pale, simu ilituonyesha tu pa kukata.

Sasa hili la pili silipendi kulisimulia.

Mwezi wa saba, mnajua baridi ya Iringa. Dada mmoja kwenye kata yangu, ameacha kazi ya duka mjini, amechukua vifaranga 300 wa nyama kwa mkopo wa kikundi. Siku ya tatu aliniita jioni niangalie banda lake la kulelea. Alikuwa amezungushia bati jipya kama uzio wa duara, jiko la mkaa katikati, maranda chini, kila kitu kama nilivyomfundisha. Nilitoa simu kwa madaha, nikaelekeza ndani kutokea mlangoni. Picha yote bluu nzito, jiko peke yake linawaka jeupe. Nikalenga kwenye bati: nyuzi 24. Wiki ya kwanza vifaranga wanataka 32 mpaka 35, halafu unapunguza kama nyuzi tatu kila wiki. Nikamwambia, "Wanapigwa baridi hawa. Ongeza jiko la pili, shusha na turubai."

Akaniangalia. "Bwana shamba, mbona wametulia tu? Wametawanyika, wanakula."

Nikamwonyesha namba.

Asubuhi saa kumi na mbili alinipigia. Hakusalimia. Nilipofika vifaranga 43 walikuwa wamekufa, wengi wamejibana kwenye bati mbali na majiko, midomo wazi, mabawa yameachana. Joto na hewa nzito. Mama yake alikuwa amekaa kwenye ndoo pale nje. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho.

Makosa yalikuwa mawili, na yote ni ya matumizi yangu, simu haikudanganya. La kwanza ni rangi. Kamera inagawa rangi kufuatana na kilichomo kwenye picha wakati huo. Bluu haimaanishi baridi, inamaanisha ndicho chenye joto dogo kuliko vingine humo ndani. Ukiweka jiko la mkaa kwenye picha, banda zima litaonekana bluu hata kama ni jehanamu. La pili ni bati. Kitu kinachong'aa kinatoa joto lake kidogo sana na kinarudisha la vitu vingine, kama kioo. Ile 24 niliyosoma haikuwa ya bati wala ya vifaranga, ilikuwa ya paa la baridi lililojitazama kwenye bati. Tulipopima upya mchana ule baada ya kutoa jiko la pili, tukilenga maranda karibu na wanyama wenyewe, tulipata 33. Kipimajoto cha kawaida tulichoazima kwa mfugaji jirani kikasema 32.

Siku hizi nikilazimika kusoma kitu kinachong'aa, nabandika kipande cha tepu nyeusi ya mafundi umeme, nakiacha dakika kadhaa kipate joto la kitu chenyewe, kisha nasoma juu ya tepu. Vinginevyo nalenga maranda, udongo, jani, ngozi, na jiko nalitoa nje ya picha. Kabla ya yote hayo nachuchumaa naangalia vifaranga. Wakijikusanya chini ya jiko wana baridi, wakilikimbia na kuhema wana joto, wakitawanyika na kula waache. Hili nilifundishwa chuoni mwaka wa kwanza na nimewafundisha wengine mara nyingi.

Vifaranga 43 kwa 1,800 ni 77,400. Nilimlipa kwa awamu mbili. Alikataa mara ya kwanza, akasema, "Mimi nilikuona unasoma namba, nikasema basi, huyu anajua." Hiyo sentensi imenikaa kuliko hela.

Kwa hiyo ununue au usinunue? Kama una robo ekari au vifaranga chini ya elfu moja, usinunue. Kipimajoto cha kuning'iniza usawa wa mgongo wa kifaranga ni cha elfu kumi na kitu, na kinasoma vizuri kuliko simu yangu. Kwenye dripu, kutembea kila mstari asubuhi maji yakiwa wazi na kusafisha chujio kila wiki kutakupa asilimia kubwa ya nilichokiona kwa kamera. Kama una ekari tatu na zaidi za dripu, au mko kikundi cha mashamba yanayokaribiana, hapo naanza kukuelewa, hasa kama simu uliyonayo imechoka na ulikuwa unabadilisha kwa vyovyote.

Ukiamua kununua, mambo machache. Kabla hujatoa hela piga *#06#, chukua namba ya IMEI, itume kwa meseji kwenda 15090. Majibu yatakuambia ni simu ya aina gani. Kama hailingani na iliyo mkononi, iache hapohapo. Muulize muuzaji kioo cha akiba kinapatikana wapi. Fundi wangu wa Ilula aliifungua kwa macho tu, akanirudishia akicheka, kwamba imegandishwa kwa gundi na vifaa vyake hana. Angalia pia masasisho ya usalama ni ya mwezi gani. Ya kwangu yalikoma hata kabla sijainunua, kwa hiyo programu ya benki nimeiacha kwenye simu ya zamani, na ninatembea na simu mbili kama dalali.

Yule dada aliwauza 251 waliofika sokoni, mkopo ukalipika, faida ikabaki nyembamba. Mwezi wa kumi na moja alichukua 300 wengine. Nilikwenda siku ya pili jioni. Kipimajoto kinaning'inia kwenye kamba katikati ya banda, bati amelifunika kwa magunia. Nikaingiza mkono mfukoni kutafuta kalamu, akanidaka: "Hiyo simu bwana shamba iache humohumo kwanza. Chuchumaa."