Skrini Inayolitafuta Kila Jicho

Tarehe 2 Desemba 2010, mjini Zurich, Qatar ilikabidhiwa Kombe la Dunia la 2022. Japani nayo ililiwania, kwa ahadi ambayo bado naiona nzuri mno: kurusha mechi kwa picha zenye kina hadi viwanja 400 katika nchi 208. Kombe lilipofika Doha, mashabiki waliojaa bustani ya Al Bidda walitazama skrini kubwa za kawaida, na sababu iko machoni mwao.

Macho yetu yameachana kwa takriban milimita 65. Kila moja huuona mpira kwa pembe yake, na tofauti hiyo ndiyo inayousaidia ubongo kupima umbali. Miwani ya sinema huhakikisha kila jicho linapata picha yake tu. Ukiivua, kazi hiyo inaiangukia skrini.

Njia moja aliionyesha Mmarekani Frederic Ives mwanzoni mwa karne ya 20. Picha mbili hugawanywa kuwa vipande vyembamba vya wima, vikapangwa kwa kupokezana, na mbele yake huwekwa mistari myeusi yenye nafasi kati yake. Chungulia kwenye ua wa fito, ufumbe jicho moja kisha jingine: kupitia upenyo uleule kila jicho huona sehemu tofauti ya uwanja. Nintendo 3DS ya mwaka 2011 ilitumia mbinu hii, na ilifaa, kwa kuwa mchezaji ni mmoja na kifaa kiko mkononi mwake.

Mistari, hata hivyo, hula mwanga. Ndiyo maana runinga nyingi za aina hii hutumia vilenzi vyembamba vinavyoupinda mwanga badala ya kuuzuia. Toshiba ilitoa moja ya inchi 55 mwaka 2011, yenye picha tisa kwa wakati mmoja ili watazamaji kadhaa wapate nafasi. Gharama yake ilikuwa wazi: skrini ya nukta 3840 kwa 2160 ilibaki na 1280 kwa 720 kwa kila picha, yaani sehemu moja ya tisa.

Sasa rudi Al Bidda. Kwa shabiki aliye mita 30 kutoka kwenye skrini, macho yake mawili yametengana kwa nyuzi 0.12 hivi. Kuueneza mwanga kwa umati uliotawanyika nyuzi 60 kungehitaji picha zipatazo 480 kwa mpigo. Kwa ubora uleule wa Toshiba, hizo ni nukta zaidi ya milioni 440.