Mtandao ukikatika, ujumbe unaweza kupita simu kwa simu

Mnara wa simu ukizimika, hata watu wawili wanaokaa nyumba jirani hawawezi kutumiana SMS, kwa sababu kila SMS hupitia kwanza kwenye mnara. Lakini zipo programu, kama Bridgefy na Briar, zinazotumia Bluetooth ya simu kupeleka ujumbe bila mnara wala bando.

Ujumbe hupitaje?

Bluetooth haifiki mbali, na kuta huipunguza nguvu. Ili ujumbe umfikie mtu wa mbali, simu za watu walio katikati lazima zipokezane. Simu hujuaje impe nani? Njia kuu ni mbili.

Njia ya kwanza ni kumpa kila jirani. Ujumbe huwa na alama yake, hivyo simu iliyokwisha kuupokea haiupeleki tena. Pia huwekewa kikomo cha simu za kupita. Njia hii ni rahisi, ila hula chaji.

Njia ya pili ni kuuliza kwanza: nani anajua njia ya kumfikia fulani? Swali hupita simu kwa simu, na jibu hurudi kwa njia ile ile. Mtu wa katikati akiondoka, njia hukatika na simu huuliza upya.

Mambo ya kuzingatia

• Weka programu mapema. Intaneti ilipozimwa Uganda Januari 2021, wakati wa uchaguzi, haikuwezekana kupakua kwa kawaida. Briar inaweza kugawiwa kutoka simu moja hadi nyingine.

• Ielewe programu yako. Kwenye Briar, ujumbe wa watu wawili haupitii simu za wengine; lazima muwe karibu. Ujumbe wa kikundi ndio unaoweza kusambazwa na wanakikundi.

• Washirikisheni majirani, wakimbizi na wenyeji. Pasipo simu katikati, hakuna njia.

• Tunza siri. Mwaka 2020 watafiti walionyesha kwamba ujumbe wa Bridgefy ungeweza kusomwa na wengine. Ilirekebishwa, lakini mwaka 2022 kasoro nyingine zikapatikana. Usitume humo namba za vitambulisho wala habari zinazoweza kumhatarisha mtu.

• Kwa mgonjwa au mama mwenye uchungu wa kuzaa, usisubiri ujumbe ufike. Tuma mtu kituo cha afya mara moja.