Je, Wajua? Makala Unayodaiwa Huenda Imekwisha Kulipiwa

Makala ya kitaaluma inayokudai malipo ukiifungua nyumbani, huenda maktaba ya chuo chako imekwisha kuilipia. Ingia kwanza kwa nywila ya chuo kabla hujatoa hata senti. Tena kuna mpango wa HINARI, ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002, unaozipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida ya tiba bure au kwa bei nafuu.

Kwa kutafuta makala zenyewe, Google Scholar, iliyoanza mwaka 2004, ni bure kuitumia, lakini ukitafuta “utenzi” peke yake waweza kukosa kazi za walioandika “utendi”. Yaandike yote mawili, katikati uweke OR kwa herufi kubwa. Jina kama “Kilwa Kisiwani” lifunge kwa alama za kunukuu, lisitenganishwe. Ukipata makala nzuri, bofya chini yake palipo na idadi ya kazi zilizoitaja. Hapo utawakuta waliokuja baadaye, wakiiunga mkono, wakiipinga au wakiisahihisha. Kwangu mimi hazina kubwa iko hapo, na wanafunzi wengi huipita.

Ukikwama, mwone mkutubi. Kukusaidia kutafuta ni sehemu ya kazi yake.