Vidonge vya Foliki na Haya ya Akina Baba

Ndugu msomaji, tuwawazie mume na mke wanaoishi Picha ya Ndege, katika mji wa Kibaha. Mume hudamka alfajiri kupanda basi la kwenda kazini Dar es Salaam, naye hurejea usiku. Mke ana genge la mboga jirani na nyumbani. Wameoana miaka 3 na mtoto hajapatikana. Mke amekwisha kwenda hospitali mara kadhaa, kila mara peke yake, na maneno ya mawifi amekwisha yasikia. Mume hajapimwa hata siku moja. Ila kila mwisho wa mwezi hupita duka la dawa akanunua vidonge vya asidi ya foliki, kwani wenzake kazini wamemwambia kuwa vinaongeza mbegu za kiume. Huvificha ndani ya mkoba wake wa kazi.

Yamkini nawe unamfahamu mtu wa namna hii. Hebu basi tukitazame kidonge hicho.

ASILI YAKE NI JANI

Foliki ni vitamini mojawapo katika kundi la B. Mwili huihitaji ili kutengeneza damu na kuzalisha chembechembe mpya. Habari zake zilianza kwa akina mama. Mnamo mwaka 1931, Dakta Lucy Wills, Mwingereza aliyefanya utafiti Bombay, India, alieleza jinsi wajawazito wenye upungufu wa damu walivyopata nafuu kwa kula dondoo ya hamira. Mwaka 1941 wataalamu wa Marekani waliipata vitamini hiyo katika majani ya spinachi, wakaipa jina litokanalo na neno la Kilatini lenye maana ya jani.

Baadaye ilithibitika kwamba mama akiitumia kabla ya kushika mimba na katika miezi ya mwanzo, humkinga mtoto asizaliwe na mgongo wazi. Ndiyo maana wengi hudhani ni dawa ya wanawake tu. La hasha! Mwanamume mzima naye huhitaji kiasi cha mikrogramu 400 kila siku. Lakini kiasi hicho hupatikana katika mchicha, matembele, maharage, kunde, karanga, maini na machungwa. Tena kanuni za mwaka 2011 zilielekeza unga wa ngano na wa mahindi utokao viwandani Tanzania uongezwe foliki, ingawa unga wa mashine za mtaani kwa kawaida hauna nyongeza hiyo.

Mpishi naye ana wajibu wake. Foliki huyeyuka katika maji na hupungua kwa moto mwingi. Kwa hiyo mchicha usichemshwe hadi ukavurugika, wala maji yake yasimwagwe. Kisamvu, kwa upande wake, hapana budi kitwangwe na kuiva barabara ili sumu yake iondoke.

JE, HUONGEZA UZAZI?

Swali hili lilijibiwa na utafiti mkubwa uliofanywa Marekani na kutangazwa mwaka 2020. Wanandoa 2,370 waliokuwa wakitafuta mtoto walishirikishwa. Baadhi ya waume walipewa kila siku miligramu 5 za foliki pamoja na madini ya zinki kwa miezi 6. Wengine walipewa vidonge visivyo na dawa. Mwishowe, waliopata mtoto walikuwa asilimia 34 katika kundi la kwanza na asilimia 35 katika kundi la pili. Mbegu nazo hazikuboreka, na waliokunywa dawa ndio waliolalamika zaidi kuumwa tumbo.

Haina maana kwamba foliki haimfai mwanamume kamwe. Wagonjwa wa selimundu, wake kwa waume, huandikiwa na daktari. Huko China, utafiti wa mwaka 2015 uliohusu watu zaidi ya 20,000 wenye shinikizo la damu ulionyesha kuwa foliki pamoja na dawa ya shinikizo ilipunguza kiharusi. Lakini hao wote walikuwa chini ya uangalizi wa waganga.

Kidonge cha miligramu 5 ni zaidi ya mara 12 ya mahitaji ya siku. Dozi kubwa yaweza kuficha upungufu wa vitamini B12, damu ikaonekana njema ilhali mishipa ya fahamu inaharibika. Yaweza pia kupunguza nguvu za fenitoini, dawa ya kifafa.

TWENDE WOTE

Ndugu msomaji, hasara kubwa zaidi ni muda unaopotea. Katika karibu nusu ya ndoa zinazokosa mtoto, upande wa mume una sehemu yake, peke yake au pamoja na wa mke. Kisonono kisichotibiwa huweza kuziba mirija. Mishipa ya korodani huweza kuvimba. Tumbaku na pombe nazo hudhoofisha mbegu. Hakuna kidonge cha foliki kiwezacho kuzibua mirija iliyoziba.

Mwaka ukipita mimba isishike, mume na mke waende pamoja kwa daktari. Mkazi wa Picha ya Ndege hana haja ya kwenda mbali, kwani hospitali ya rufaa ya mkoa iko Tumbi, humo humo Kibaha. Kipimo cha kwanza cha mwanamume hakina kisu wala sindano: manii hutazamwa kwa hadubini, basi. Vipimo vya mwanamke ni vigumu zaidi, naye huvikabili bila kunung'unika.

Wahenga walinena, mficha uchi hazai. Leo usiku baba yule wa Picha ya Ndege na avitoe vidonge mkobani, aviweke mezani kando ya mchicha uliotoka gengeni kwa mkewe, kisha aseme: "Mke wangu, safari hii twende wote."